Tunda la Jua

Hapa Passi upele wa harara tunauita tunda la jua.
Huzaa Aprili, miwa ikishakatwa,
umeme unapozimika mchana kutwa
na feni kubaki imetukodolea macho,
mapanga yake yamevaa vumbi.

Usiku ule Rhealyn alilia kilio kigeni.
Si cha njaa, chupa aliisukuma.
Si cha mkojo, nepi ilikuwa kavu.
Mama yake yuko zamu mjini, chumba cha kiyoyozi,
anawajibu kwa simu watu wa nchi za theluji
wanaolalamikia bili za kupasha nyumba joto.
Nikammulika mtoto shingo:
vipele vidogo, vyekundu, vimesongamana
kama chembe za sukari guru,
katika mikunjo ya shingo, kwapani,
na pale mpira wa nepi unapombana kiuno.

Nikasema surua.
Mama yangu, Salvacion, akasema jicho la mgeni.
Akamvika fulana juu ya gauni,
soksi, kofia, na blanketi juu yake,
ati jasho litoke na ubaya wake.
Kisha akammiminia poda
hadi mtoto akawa andazi lililosahauliwa ungani.
Alfajiri poda na jasho vilikuwa uji.

Sikulala. Nilikuwa najikuna tumbo, kama kawaida.
Mimi ni mchomeleaji vyuma.
Koti langu la ngozi halijui huruma,
na kila kiangazi hubeba chini yake
bustani nyekundu nisiyomwonyesha mtu.
Mkono ukasita.
Nikawasha tena simu,
nikapandisha fulana yangu, nikateremsha blanketi lake.
Tumbo langu, shingo yake:
mwandiko ni ule ule.

Zahanati hufunguliwa saa mbili.
Mkunga Leonila hakuuliza jina kwanza.
Ana homa? Hana.
Macho mekundu, kikohozi, mafua? Hapana.
Vipele vilianzia usoni vikashuka? Hapana,
vimekaa pale nguo inapobana.
Akapitisha kidole, taratibu, kama anayesoma gizani.
"Si surua. Vitundu vya jasho vimeziba.
Jasho limekosa mlango, linagonga ukuta."

"Dawa?" nikauliza, pochi mkononi.
"Mvue."
"Kisha?"
"Mvue tena. Bado ana soksi."

Akanielekeza huku akifungua dirisha:
maji ya ubaridi wa wastani, si ya barafu;
umkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue;
mikunjo ipate hewa;
gauni moja la pamba, pana, limwache apumue.
Poda iweke mbali, huziba vitundu
na huingia kifuani mwa mtoto.
Mafuta mazito, hayo pakia bawaba za milango.
Kucha zake, zikate leo.
"Ukiona usaha, au homa, au hanyonyi,
au siku tatu zimepita na hakuna nafuu,
mlete. Usingoje kuche."

Halafu akautazama mkono wangu,
uliokuwa umeshajipenyeza chini ya shati.
"Na wewe, mkubwa?"
Nikaona haya kama mtoto aliyeiba embe.
Akanipa chupa ya losheni ya waridi, ya kalamini,
na karipio refu kuliko la binti yangu.

Nyumbani Mama hakusema amekosea.
Hajawahi kusema, hata kwa padri.
Alichukua mkasi,
akayakalia magauni ya Rhealyn kibarazani,
akakata mikono yote, jozi kwa jozi,
akiyasema makasha ya nguo ya siku hizi, nailoni tupu.
Mimi nikapepea kwa kipande cha boksi
mpaka bega likaniuma,
na mtoto, uchi, miguu juu,
akaanza kuongea na dari.

Siku ya tatu shingo ilikuwa shingo.
Divina alipokuja Jumapili aliibusu
bila kujua kilichopita hapo,
nami sikumwambia hadi alipokwisha kula.

Karakana, mwenye kazi anasema koti halivuliwi,
cheche hazina adabu.
Basi saa sita hulitundika kwenye msumari,
linasimama lenyewe kama mtu,
nami hukaa kando yake kifua wazi,
waridi tumboni kama keki ya harusi,
wenzangu wakicheka.
Mmoja wao jana, walipoondoka wengine,
alipandisha shati lake
akaniuliza chupa ile inauzwa wapi.